Udongo Uliofundisha Nailoni Kujipanga

Aprili 1930, katika maabara ya kampuni ya DuPont mjini Wilmington, jimbo la Delaware nchini Marekani, mkemia Julian Hill alichovya ufito wa kioo ndani ya chombo chenye polima iliyoyeyuka, akauinua taratibu. Ute mzito ukaufuata ufito kama ulimbo unavyoufuata ujiti, ukapoa hewani ukawa uzi. Hill akaushika uzi ule akauvuta. Haukukatika. Ulirefuka mara kadhaa, ukang'aa kama hariri, na kila ulivyovutwa ndivyo ulivyozidi kuwa imara.

Kilichotokea ndani ya uzi huo ni jambo ambalo macho hayakuweza kuliona. Molekuli ndefu zilizokuwa zimejisokota ovyo, kama nyavu zilizotupwa ufukweni, zilinyooshwa na kulazwa sambamba, zikashikana. Zikawa fuwele. Chumvi nayo ni fuwele, na sukari pia; lakini fuwele ya polima haikamiliki kamwe. Sehemu ya minyororo hujipanga, sehemu hubaki imevurugika, na ugumu wa plastiki, kiwango chake cha kuyeyuka na uwezo wake wa kubeba mzigo hutegemea sana uwiano wa sehemu hizo mbili.

Uzi wa Hill ulikuwa na ila moja kubwa. Ulikuwa poliesta, na uliyeyuka katika joto dogo kuliko la maji yanayochemka. Nguo iliyofumwa kwa uzi huo isingekutana na pasi ikabaki nguo. Mkuu wa kikundi chake, Wallace Carothers, aliyeacha kufundisha Harvard mwaka 1928 ili afanye utafiti DuPont, aliuweka kando. Dawa ya ila hiyo ilipatikana baada ya miaka mitano, nayo ilikuwa kifungo dhaifu ambacho wakemia walikuwa wamekitambua miaka kumi na mitano tu iliyotangulia. Nusu karne baadaye kifungo hichohicho kilikutana na udongo wa mfinyanzi katika maabara ya watengenezaji wa magari nchini Japani, na nailoni ikaanza kujipanga kwa namna nyingine.

Mnyororo usioaminiwa

Carothers alianza kazi wakati wakemia bado wanagombana kuhusu polima ni kitu gani. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alikuwa amechapisha makala akidai kwamba mpira na vitu vya namna yake ni minyororo mirefu ya maelfu ya atomu zilizounganishwa kwa vifungo vya kawaida vya kikemia. Wengi walimpinga. Waliamini vitu hivyo ni mikusanyiko ya molekuli ndogo zilizogandamana tu.

Hoja yao moja ilitoka kwenye fuwele zenyewe. Eksirei zilipopitishwa ndani ya selulosi, ambayo ndiyo inayojenga pamba, katani na mbao, zilionyesha mpangilio unaojirudia katika vyumba vidogo mno. Basi, walisema, molekuli kubwa kuliko chumba chake itakaaje ndani yake? Jibu lilikuja kabla ya miaka ya 1920 kwisha, hasa kwa kazi ya Kurt Meyer na Herman Mark: mnyororo mmoja hupita katika vyumba vingi, kama uzi mmoja unavyopita katika matundu mengi ya wavu. Chumba kidogo hakimaanishi molekuli ndogo. Staudinger alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 72.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, jambo la pili lilikuwa likikomaa huko Berkeley, California. Mwaka huohuo wa 1920, Wendell Latimer na Worth Rodebush waliandika kuhusu maji, wakaeleza kwamba atomu ya haidrojeni inaweza kukaa katikati ya molekuli mbili na kuzifunga pamoja. Ndiyo maana maji huchemka katika joto kubwa kuliko vile udogo wa molekuli zake ungetufanya tutegemee. Linus Pauling alikipa kifungo hicho cha haidrojeni sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1939 kuhusu asili ya vifungo vya kikemia.

Kifungo hiki hutokea pale haidrojeni iliyoshikwa na naitrojeni au oksijeni inapoikaribia oksijeni ya jirani. Ile ya kwanza imenyang'anywa elektroni zake kidogo. Ya pili inazo za ziada. Zinavutana. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi na tano hadi ya ishirini ya kifungo kinachoshika kaboni kwa kaboni. Joto hukivunja, na baridi hukirudisha. Hakishiki kokote: kinataka umbali wake na mwelekeo wake, kama watu wawili wanaopeana mkono, ambao hawawezi kufanya hivyo wakiwa wamepeana migongo.

Mikono ya nailoni

Mwaka 1934 Carothers alirudi kwenye swali la nyuzi, safari hii akitumia poliamidi badala ya poliesta. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Penye oksijeni katika mnyororo wa poliesta, poliamidi ina naitrojeni iliyobeba haidrojeni. Lakini haidrojeni hiyo ndiyo mkono. Kila baada ya hatua chache za mnyororo kuna naitrojeni inayonyosha mkono na oksijeni inayoupokea, na minyororo ikilala ubavu kwa ubavu, mikono hiyo hushikana kwa mamia.

Tarehe 28 Februari 1935 kikundi chake kilipata polima iliyotengenezwa kwa viungo viwili, kila kimoja kikiwa na atomu sita za kaboni. Waliiita 66. Iliyeyuka karibu na nyuzijoto 265. Sasa pasi ingeweza kupita. Ombi la hataza liliwasilishwa Aprili 1937, na kabla ya mwezi huo kwisha Carothers, aliyekuwa akisumbuliwa na huzuni kubwa ya akili kwa miaka mingi, alijiua mjini Philadelphia. Hakuliona jina la nailoni likitangazwa Oktoba 1938, wala foleni za wanawake waliogombea soksi ndefu zilipoanza kuuzwa Marekani nzima tarehe 15 Mei 1940.

Ujerumani nayo haikulala. Tarehe 29 Januari 1938, katika maabara ya IG Farben mjini Berlin, Paul Schlack alichukua molekuli yenye umbo la pete iitwayo kaprolaktamu, akaifungua kwa joto na kuunganisha vipande vyake. Akapata nailoni 6, dada wa nailoni 66, anayeyeyuka kwenye nyuzijoto 220 hivi. Ni huyu dada mdogo atakayebeba sehemu kubwa ya historia iliyobaki.

Uingereza, Charles Bunn na mwenzake Garner wa kampuni ya ICI walichapisha mwaka 1947 ramani ya fuwele ya nailoni 66. Minyororo ilikuwa imenyooka, imelala kwa tabaka kama mikeka iliyopangwa, na ndani ya kila mkeka vifungo vya haidrojeni vilikuwa vimeshona mnyororo kwa mnyororo. Mwaka 1955 Holmes, Bunn na Smith walionyesha mpangilio wa nailoni 6. Huo uliitwa alfa: minyororo jirani imeelekeana kinyume, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na hivyo kila mkono unapata mwenzake bila mnyororo kujipinda.

Baadaye ukaonekana mpangilio wa pili, ulioitwa gama. Wakemia waliupata kwa kuiloweka nailoni 6 katika myeyusho wa iodini kisha kuiondoa iodini hiyo. Katika gama minyororo imeelekea upande mmoja. Mikono haikutani moja kwa moja, kwa hiyo kila kikundi cha amidi hugeuka kando kidogo, kama mtu anayegeuza bega ili amfikie jirani. Mnyororo hufupika na mkeka hukunjamana. Gama huyeyuka digrii chache chini ya alfa, na nailoni 6 iliyoachwa ipoe polepole kwa hiari yake hupendelea alfa.

Kipande kimoja muhimu bado kilikosekana. Mwaka 1957 Andrew Keller wa Chuo Kikuu cha Bristol aliziangalia fuwele nyembamba za polithini kwa hadubini ya elektroni. Unene wake ulikuwa kama nanomita 10, ilhali minyororo iliyokuwamo ilikuwa mirefu mara nyingi zaidi na ilisimama wima ndani yake. Palikuwa na maelezo mamoja tu: mnyororo hujikunja, ukapanda na kushuka, kama kitambaa kinachokunjwa kabla ya kuingizwa sandukuni. Vibamba hivyo vya mikunjo ndivyo vinavyochipua kutoka kwenye kiini kimoja na kutawanyika pande zote hadi kuwa tufe dogo.

Neno la kushika hapo ni kiini. Polima iliyoyeyuka inapopoa haianzi kujipanga kila mahali kwa pamoja. Minyororo michache lazima ikutane kwanza katika mkao unaofaa, ikae bila kutawanywa na joto, ndipo mingine ijiunge. Kuanza ndiko kugumu. Kitu kigeni chenye uso wa kuegemea, hata punje ya vumbi, kinaweza kuifanya kazi hiyo iwe rahisi. Watengenezaji wa plastiki walilijua hilo zamani. Walichanganya unga wa talki na madini mengine, vijazio kama vinavyoitwa, ili plastiki iwe ngumu, iwe rahisi kwa bei na iwahi kuganda. Lakini punje za unga huo zilikuwa kubwa, za kiasi cha sehemu moja ya elfu ya milimita na zaidi. Kwa mnyororo wa nailoni, punje hiyo ni mlima.

Mgeni kutoka ardhini

Kuna udongo uitwao montmoriloniti, ambao jina lake limetokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Wachimbaji wa visima huufahamu zaidi kwa jina la bentoniti, kwa sababu ndiyo sehemu yake kubwa. Umejengwa kwa mabamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Kila bamba lina unene wa nanomita 1 na upana wa kama nanomita 100. Ukifanikiwa kuzitenganisha kurasa zote, gramu moja ya udongo huo ina eneo la zaidi ya mita 700 za mraba. Gramu kumi, ambazo hazijai kiganja, zingetosha kufunika uwanja wa mpira.

Shida ni kuzitenganisha. Kurasa hizo zina chaji hasi, na katikati yake hukaa ayoni za sodiamu zinazozishikilia. Udongo huu unapenda maji. Nailoni iliyoyeyuka ikimwagiwa juu yake huzunguka kitabu kwa nje na kushindwa kukifungua.

Katikati ya miaka ya 1980, watafiti wa Maabara Kuu ya Utafiti na Maendeleo ya Toyota huko Nagakute, karibu na Nagoya, waliuendea udongo huo kwa hila. Miongoni mwao walikuwa Akane Okada, Arimitsu Usuki, Yoshiaki Fukushima, Masaya Kawasumi na Yoshitsugu Kojima. Badala ya kuingiza nailoni iliyokwisha kuundwa, waliamua nailoni izaliwe humohumo ndani ya kitabu. Kwanza waliitoa sodiamu na mahali pake wakaweka molekuli ya asidi ya amino yenye kaboni 12. Upande wake mmoja ulikuwa na chaji chanya iliyong'ang'ania bamba la udongo. Upande wa pili ulikuwa na kikundi cha asidi kilicho tayari kuanzisha ujenzi wa nailoni. Ilikuwa kabari na mbegu kwa pamoja. Kisha waliuloweka udongo huo katika kaprolaktamu, ileile pete ya Schlack, wakaupasha joto. Pete zilijipenyeza, zikafunguka, zikaungana. Minyororo ilipokua ilizisukuma kurasa hadi kitabu kikasambaratika.

Hataza ya kwanza ya Marekani ilitolewa mwaka 1988, na mwaka 1993 makala zao za kina zilichapishwa. Takwimu zake ziliwashangaza watu wa plastiki. Nailoni 6 yenye udongo asilimia 4.2 tu kwa uzito ilikuwa na ukakamavu wa gigapaskali 2.1, kutoka 1.1 ya nailoni tupu. Nguvu ya kuhimili mvuto ilipanda kutoka megapaskali 69 hadi 107. Joto ambalo plastiki inaanza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzi 65 hadi zaidi ya 140. Udongo wa kiasi hichohicho ulipochanganywa kwa njia ya kawaida, bila kufungua kitabu, nguvu ya kuhimili mvuto haikuongezeka, ilipungua.

Toyota wakaitumia plastiki hiyo kutengeneza kifuniko cha belti ya taiming, kipande kinachokaa ubavuni mwa injini penye joto siku zote. Hapo ndipo nanokompositi, kama aina hii ya mchanganyiko inavyoitwa, ilipotoka maabara na kuingia chini ya boneti.

Fuwele yabadili mkao

Haikuchukua muda kabla ya watafiti kuuliza kilichompata mwenyeji baada ya mgeni kuingia. Mwaka 1994 Kojima na wenzake walieleza walichokiona kwa eksirei: ndani ya nailoni yenye udongo, fuwele za gama zilikuwa zimejitokeza kwa wingi. Ule mpangilio uliohitaji iodini ili upatikane sasa ulikuwa ukijitokeza wenyewe, na chanzo chake kilikuwa asilimia chache za udongo.

Fikiria mnyororo wa nailoni unaopoa karibu na bamba la udongo. Bila udongo, kila mkono wake ungesubiri mkono wa jirani. Sasa kuna uso mkubwa, bapa, uliojaa oksijeni. Baadhi ya mikono inashika huko, na mnyororo unaoshikwa na ukuta hauna tena uhuru wa kugeuka ili uelekeane kinyume na mwenzake. Umelala ulivyoangukia. Jirani anayefika naye analala hivyohivyo. Ili washikane inawabidi wageuze mabega, na kugeuza mabega ndiko gama.

Mwaka 2003 Pralay Maiti na Masami Okamoto wa Taasisi ya Teknolojia ya Toyota mjini Nagoya walionyesha kwa hadubini ya elektroni vibamba vya fuwele vikiwa vimechipua kutoka pande zote mbili za bamba la udongo, kama tabaka za lipu juu ya ukuta, wakahusisha umbo la gama na kifungo cha haidrojeni kwenye uso huo. Walikuwapo pia waliotilia mkazo sababu nyingine: kwamba minyororo iliyofungwa kwa ncha yake yenye chaji, ikabanwa kati ya kuta zilizo karibu, haina nafasi ya kuunda mikeka mikubwa ya alfa. Hoja hizi mbili hazilazimiki kugombana. Ukuta unabana na pia unashika. Ushikaji ndio unaoamua mnyororo utalala vipi, na ubanaji ndio unaouzuia kubadili nia baadaye.

Kwamba hali hii si ya kila mgeni kulijulikana watafiti walipojaribu vijazio vingine. Nanotyubu za kaboni, zilizopata umaarufu baada ya makala ya Sumio Iijima ya mwaka 1991, mara nyingi huiacha nailoni 6 ibaki kwenye alfa. Uso wake ni kaboni tupu, hauna oksijeni ya kunyoshea mkono. Huharakisha kuganda kwa sababu ni mahali pa kuegemea, lakini haumwambii mwenyeji aketi vipi.

Siku mbili, na siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema vilevile mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kanuni zote mbili zilipatikana katika nailoni.

Mwaka huohuo wa 2003, T. D. Fornes na Donald Paul wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha vipimo vya kasi ya kuganda kwa nailoni 6 yenye viwango tofauti vya udongo. Kiasi kidogo sana kiliongeza kasi kwa namna ya kustaajabisha. Walipozidisha udongo, kasi ilianza kurudi nyuma.

Sababu yake iko katika kifungo kilekile. Kuganda kunahitaji mambo mawili: kiini cha kuanzia, na minyororo inayoweza kusogea hadi kwenye kiini hicho. Bamba la udongo linatoa kiini, kwa kuwa linaishika minyororo michache na kuituliza. Lakini mabamba yakiwa mengi, karibu kila mnyororo unajikuta umeshikwa na ukuta mmoja au mwingine. Anayetakiwa kwenda kujiunga na fuwele ameshikwa mkono mlangoni. Viini vipo tele, wajenzi hawafiki.

Kwa hiyo anayebuni nanokompositi hana budi kupima urafiki. Kijazio kisichoshika kabisa hujikusanya chenyewe madonge. Kinachoshika kupita kiasi hukaba minyororo. Kinachotakiwa ni kile kinachoshika vya kutosha kuanzisha safu, na bado kinaachilia joto linapodai. Kifungo cha haidrojeni kinafaa kwa sababu ya udhaifu wake: kinaweza kufunguka, mnyororo ukasahihisha mkao, kikafunga tena.

Wasio na mikono

Polipropilini ilileta mtihani wa upande mwingine. Giulio Natta aliipata mjini Milano mwaka 1954 ikiwa na mpangilio nadhifu kiasi cha kuweza kuwa fuwele, ingawa haina kifungo chochote cha haidrojeni. Minyororo yake hujipanga kwa usawa wa umbo peke yake, kila mmoja ukijizungusha kama parafujo. Ni hoja nzuri dhidi ya anayedhani haidrojeni ndiyo kila kitu. Natta na Karl Ziegler waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Watu wa Tanga waliujua ugunduzi huo kabla ya kulijua jina lake. Kamba za polipropilini zilipoenea duniani, soko la kamba za mkonge liliporomoka. Tanzania, iliyokuwa imefikisha kama tani 230,000 za mkonge kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ilishuhudia mashamba yakigeuka vichaka.

Lakini polipropilini hiyohiyo ilipoletwa kwa udongo wa Toyota, ilikataa. Mnyororo usio na mkono haushiki ukuta, na kitabu kilibaki kimefungwa. Mwaka 1997 Kawasumi, Usuki na wenzao waliripoti njia ya kuzunguka tatizo: walichanganya ndani yake polipropilini nyingine iliyopandikizwa vikundi vya maleiki anhidridi. Vikundi hivyo vilikuwa mikono ya kuazima. Vilifunga vifungo vya haidrojeni na oksijeni za udongo, kurasa zikafunguka, na polipropilini ya kawaida ikaingia kwa mgongo wa ndugu yake.

Jongoo bahari na mkonge

Kufikia hapo watafiti wengine walikuwa wamegeuka kutoka udongo kwenda kwenye selulosi. Uzi wa selulosi, ukiondolewa sehemu zake zilizovurugika kwa asidi, huacha vijiti vya fuwele vyenye upana wa nanomita chache, na uso wa kila kijiti umejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni. Ni kijazio chenye mikono pande zote. Mwaka 1995 Véronique Favier na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walichanganya vijiti hivyo na mpira, wakaona ukakamavu ukipanda kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu vijiti vilikuwa vimeshikana vyenyewe kwa vifungo vya haidrojeni hadi kuwa kiunzi ndani ya mpira.

Mwaka 2008 kikundi cha Christoph Weder na Stuart Rowan huko Cleveland, Marekani, kilikichukua kiunzi hicho na kukitazama kwa jicho la mnyama anayejulikana sana na wavuvi wa pwani yetu: jongoo bahari. Ukimgusa ngozi yake hukakamaa, akitulia hulegea. Walitengeneza plastiki yenye vijiti vya selulosi. Ikiwa kavu ilikuwa na ukakamavu wa megapaskali 800, na ikilowa maji ilishuka hadi 20. Maji yalikuwa yameingia kati na kuishika mikono ya vijiti, ikaachana. Ilipokauka, ikashikana tena.

Na mkonge? Mwaka 2006 watafiti wa Ulaya, Alain Dufresne akiwa mmoja wao, walichapisha kazi ya vijiti vya selulosi vilivyotolewa kwenye mkonge na kutiwa katika polivinili asetati, polima ileile ya gundi nyeupe ya maseremala. Zao lililofukuzwa sokoni na plastiki lilikuwa limerudi kwa mlango wa nyuma, likiwa kijazio cha plastiki.

Historia hii, tangu ufito wa Hill hadi vijiti vya mkonge, inatoa hukumu moja kwa anayetaka kuboresha plastiki: uzito wa unachokitia ndani una maana ndogo kuliko uso wake na namna unavyoshikana na mnyororo. Kwa karne nzima mkonge wetu umepimwa kwa tani na kuuzwa kwa marobota. Vyuo vyetu vya uhandisi na wakulima wa Tanga, Morogoro na Kilifi wana haki ya kuupima pia kwa kipimo cha pili, kile cha mikono iliyo juu ya kila kijiti cha selulosi yake. Wasikatishwe tamaa na udogo wa kuanzia. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kwa ajili ya ardhi ya Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, na hiyo ndiyo iliyoanzisha mashamba.